Ugeugeu wa Majimoto na Maisha ya Bakteria wa Kilindini

Mada niliyopewa inatutoa hapa Ikinga, katika milima ya Ileje, na kutushusha chini ya bahari, mahali ambapo mwanga wa jua haujawahi kufika. Hata hivyo hatutoki nje kabisa ya nyumba yetu. Bonde la Ufa linalopita huku kwetu, kati ya Ziwa Rukwa na Ziwa Nyasa, ni tawi la mfumo mrefu wa nyufa za dunia. Kaskazini mfumo huo unakutana na nyufa za Ghuba ya Aden na Bahari ya Shamu, na kutoka hapo unaungana na safu za milima iliyozama katikati ya Bahari ya Hindi. Joto linalochemsha maji katika bonde la Mto Songwe, ule unaomwaga maji yake Rukwa na si ule wa mpakani na Malawi, ni ndugu wa joto linalochemsha maji kwenye sakafu ya bahari. Swali la leo ni hili: bakteria wanaoishi kwenye majimoto ya kilindini huwezaje kubadili umetaboli wao, yaani jinsi wanavyopata nguvu na kujenga miili, kila mazingira yanapobadilika? Hoja yangu ni moja. Ustadi wao wa kubadilika umeletwa na kuyumba kwa riziki, na wala haukuletwa na ukali wa mahali wanapoishi. Joto, giza, sumu na mgandamizo humlazimisha kiumbe kustahimili. Riziki inayoyumba humlazimisha kuchagua. Kustahimili na kuchagua ni sifa mbili tofauti, na watu wengi wanaosimulia habari za viumbe hawa huzichanganya.

Tuanze na yaliyojulikana. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo Alvin hadi kwenye ufa wa Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki, kina cha takriban mita 2,500. Mgandamizo wa maji huko ni kama mara 250 ya ule wa hewa ya ufukweni. Walitarajia kuona chemchemi kwenye miamba mitupu, lakini wakakuta chemchemi za maji vuguvugu zimezungukwa na kome, kaa na minyoo mirefu yenye vichwa vyekundu. Hapakuwa na mmea hata mmoja. Maelezo ya riziki ya viumbe hao yalikuwa yameshaandaliwa karibu miaka 90 kabla yake, pale mwanasayansi Sergei Winogradsky alipochunguza bakteria aina ya Beggiatoa na kuonyesha kwamba kiumbe anaweza kuishi kwa nguvu itokanayo na salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh na wenzake walionyesha kwamba mnyoo yule mkubwa, Riftia pachyptila, asiye na mdomo wala utumbo, hulishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wake.

Ili tuelewane, lazima tujue nguvu ya uhai hutoka wapi. Kila kiumbe hupata nguvu kwa kupitisha elektroni kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Kwetu sisi binadamu mtoaji ni chakula na mpokeaji ni oksijeni tunayovuta, na hatuna mpokeaji mwingine. Oksijeni ikikatika kwa dakika chache, tumekwisha. Bakteria wa majimoto wana orodha ndefu zaidi. Watoaji wao ni haidrojeni, salfaidi, methani, hata chuma kilichoyeyuka. Wapokeaji ni oksijeni, nitrati, salfeti na salfa yenyewe. Nguvu inayopatikana hutumika kuigeuza hewa ukaa kuwa sukari, protini na mafuta ya mwili, kazi ambayo mimea huifanya kwa nguvu ya jua. Kwa hiyo tunaposema bakteria amebadili umetaboli, tunamaanisha mojawapo ya mambo matatu: amebadili mtoaji, amebadili mpokeaji, au amebadili njia ya kuijenga hewa ukaa kuwa mwili.

Sasa tuangalie mahali penyewe. Maji yanayotoka chini ya sakafu ya bahari yanaweza kuzidi nyuzi 350 za Selsiasi. Hayachemki kwa sababu ya mgandamizo, hayana oksijeni, nayo yamejaa salfaidi na mara nyingine haidrojeni. Maji ya bahari yanayoyazunguka yana nyuzi 2 tu, yana oksijeni na nitrati, na hayana salfaidi. Mpaka kati ya maji hayo mawili waweza kuwa wa sentimita chache. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: mtoaji anatoka chini na mpokeaji anatoka juu, na riziki ipo pale tu wanapokutana. Bakteria akijisogeza ndani ya maji ya moto anamkosa mpokeaji; akijitenga kwenye maji ya baridi anamkosa mtoaji. Tena hawezi kungoja, maana salfaidi na oksijeni zikikutana huunguzana zenyewe bila kumsaidia yeyote. Analazimika kuishi mpakani, na mpaka wenyewe hautulii. Mikondo huusukuma, maji kupwa na kujaa huupandisha na kuushusha, na dohani za madini zinazojengwa na maji hayo huziba, hupasuka na kuanguka. Seli iliyojishika kwenye ukuta wa dohani yaweza kuoga maji ya moto yenye salfaidi, na baada ya muda mfupi ikajikuta kwenye maji baridi yenye oksijeni, pasipo kuondoka ilipo.

Ushahidi wa kwanza wa hoja yangu umo katika jeni za bakteria hao. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walichapisha jenomu, yaani maandishi yote ya jeni, za bakteria wawili wa majimoto ya Okinawa, wa jenasi Sulfurovum na Nitratiruptor. Ndani yake walikuta vimeng'enya vya kuvuna nguvu kutoka kwenye haidrojeni, vingine vya kuvuna kutoka kwenye misombo ya salfa, na vya kuitumia nitrati oksijeni inapopungua. Mwaka 2009 ikafuata jenomu ya Nautilia profundicola, anayeishi pia juu ya mgongo wa mnyoo wa majimoto, Alvinella pompejana. Huyu ana vimeng'enya vya aina kadhaa vya kushughulikia haidrojeni, na ana jeni ya kimeng'enya kiitwacho jairesi geuzi, ambacho kwa kawaida ni alama ya viumbe wa joto kali sana. Watafiti walipompandishia joto kwa nyuzi 20 juu ya lile linalomfaa, jeni hiyo ilifanya kazi zaidi ya mara 100 ya kawaida. Lipo hapa jambo la kuzingatia. Nautilia haitumii jeni hiyo wakati wote. Imewekwa akiba, na huamshwa pale mpaka unaposogea.

Kubadilika kwenyewe kuna ngazi. Kwanza, vimeng'enya vilivyokwisha kuwepo huongeza au hupunguza kasi kadiri malighafi inavyoongezeka au kupungua, na hilo hutokea papo hapo. Pili, seli hutambua badiliko kwa protini zilizopo kwenye utando wake, kisha huwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Hilo huchukua dakika hadi saa. Tatu, seli hujiwekea akiba. Wengi wa bakteria wanaotumia salfaidi hawaiunguzi yote hadi mwisho wakati wa neema. Huiacha njiani kama chembe za salfa ndani ya seli, kisha huitumia salfa hiyo salfaidi inapokatika. Baadhi ya jamaa za Beggiatoa huweka akiba hata upande wa pili: hujaza nitrati mwilini, waendelee kuwa na mpokeaji wakati oksijeni haipo.

Ushahidi wa pili unatoka ndani ya mnyoo Riftia. Bakteria wake hajawahi kufugwa maabara peke yake, kwa hiyo mwaka 2007 Stephanie Markert na wenzake walipima protini zake moja kwa moja kutoka kwenye minyoo. Protini kuu tatu za kuunguza salfaidi zilikuwa takriban asilimia 12 ya protini zote za majimaji ya seli. Lililowashangaza ni kwamba bakteria huyo ana njia mbili za kujenga mwili kutokana na hewa ukaa. Moja ni ile inayotumiwa na mimea, iitwayo mzunguko wa Calvin. Inagharimu nguvu nyingi lakini haisumbuliwi na oksijeni. Nyingine ni mzunguko wa asidi ya sitriki unaokwenda kinyume. Ni nafuu kwa nguvu, ila baadhi ya vimeng'enya vyake huharibiwa na oksijeni. Na kiasi cha protini za njia hizo kilitofautiana kati ya minyoo yenye salfa tele na ile iliyopungukiwa. Kama tatizo lingekuwa ukali wa mazingira tu, njia moja imara ingetosha. Njia mbili zenye faida na hasara zinazopishana zina maana pale tu ambapo hali ya leo si ya kesho.

Ushahidi wa tatu unatoka Bahari ya Hindi, na kwangu ndio wenye uzito kuliko yote. Kwenye majimoto ya Kairei, katikati ya bahari hiyo, ilipatikana arkea (kiumbe wa seli moja anayefanana na bakteria lakini wa kundi jingine) iitwayo Methanopyrus kandleri, aina ya 116. Mwaka 2008 Ken Takai na wenzake waliripoti kwamba iliweza kuzaliana kwenye nyuzi 122 chini ya mgandamizo mkubwa. Kwa ukali wa joto la kuzaliana, hakuna anayejulikana kuishinda. Basi kama ukali ndio unaozaa wepesi wa kubadilika, huyu angekuwa bingwa wa kubadilika. Mambo ni kinyume chake. Methanopyrus ina kazi moja: kuchukua haidrojeni na hewa ukaa na kutoa methani. Jenomu ya ndugu yake wa spishi hiyohiyo, iliyochapishwa mwaka 2002, ina herufi kama milioni 1.7, sawa na ya Nautilia, na walioisoma walibaini kwamba ina upungufu wa protini za kutambua ishara na kuongoza jeni. Inaishi upande wa moto, ambako haidrojeni na hewa ukaa huja pamoja kutoka chini, kwa hiyo haina haja ya kusimama mpakani kuwangoja watoaji na wapokeaji. Viumbe wawili, jenomu za ukubwa mmoja, majimoto ya namna moja. Aliye kwenye moto mkali zaidi ndiye mwenye machaguo machache zaidi.

Kwa nini basi kila kiumbe asibebe njia zote, kwa tahadhari? Kwa sababu kubeba kuna gharama. Mfanyabiashara wa Tunduma anayeuza pande zote mbili za mpaka huweka shilingi na kwacha, na hujua kwamba fedha aliyoiweka bila kuitumia ni mtaji uliolala, na thamani yake yaweza kushuka ikiwa mfukoni. Huweka zote mbili kwa sababu mteja anayefuata hamjui. Mwenzake wa Vwawa mjini, ambaye wateja wake wote hulipa shilingi, angekuwa anajipunja kwa kuweka kwacha. Kwa bakteria, kila jeni ni herufi za kunakiliwa kila seli inapogawanyika, na kila kimeng'enya ni nguvu iliyotumika kukitengeneza. Mahali palipotulia, anayebeba asichokitumia hushindwa na mwepesi. Mahali panapoyumba, mwepesi huyo hufa siku mambo yanapogeuka.

Hoja hii inatabiri jambo linaloweza kupimwa: pale penye ugumu lakini pametulia, tutarajie wataalamu wa kazi moja wanaotegemeana, na tusitarajie hodari wa kazi nyingi. Mahali pa namna hiyo tunapo wenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na chini ya tabaka la juu maji yake hayana oksijeni kabisa, hayajachanganyika na ya juu kwa muda mrefu sana. Ndilo hazina kubwa kuliko zote duniani ya maji yasiyo ya chumvi yanayokosa oksijeni juu ya uso wa ardhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulipata humo jenomu 523 za bakteria na arkea, yakiwemo makundi yaliyopewa majina ya Tanganyikabacteria na Ziwabacteria. Tabaka la juu lilikuwa na bakteria wa kawaida wa maziwani. La chini lilikuwa na arkea na makundi ambayo hayajawahi kufugwa. Mizunguko ya naitrojeni na salfa imegawanywa kati ya viumbe wengi kwenye maji hayo: mmoja anaanza kazi, mwingine anaipokea. Giza lipo, oksijeni haipo, lakini leo inafanana na jana, na mgawanyo wa kazi umestawi.

Ziwa hilohilo lina majimoto pia. Aprili 1987 yaligunduliwa kwenye pwani ya magharibi, upande wa Kongo, sehemu za Pemba (si kisiwa cha Pemba) na Rasi Banza. Mwaka 1991 msafara uitwao TANGANYDRO ulipeleka wazamiaji 10, wakayakuta hadi kina cha mita 46, yenye joto la nyuzi 53 hadi 103, na huko Banza kukiwa na dohani za chokaa za urefu wa hadi sentimita 70. Maji ya Pemba yana magadi kama yale ya maziwa Magadi na Bogoria. Ya Banza yana chumvi inayokumbusha ile ya Uvinza. Pwani moja, ufa mmoja, maji mawili tofauti. Hili latufundisha kwamba neno «moto» halitoshi kueleza makazi ya bakteria. Lazima tuulize ni nini kinachoyeyuka majini, na kinakuja kwa mpangilio gani.

Nageukia mapingamizi. La kwanza husema hakuna seli iliyobadilika: mazingira yakigeuka, waliokuwepo hufa na wengine huchukua nafasi. Pingamizi hili lina ukweli. Volkeno ilipolipuka chini ya Pasifiki ya mashariki mwaka 1991, bakteria weupe walitapakaa kwanza, wakafuata minyoo aina ya Tevnia, na kabla ya miaka mitatu kwisha Riftia walikuwa wametawala. Wakaaji hupokezana kweli. Lakini kupokezana kunachukua miezi na miaka, na hata bakteria mwepesi huhitaji muda kugawanyika. Mpaka wa moto na baridi husogea kwa dakika. Badiliko la haraka kuliko uzazi haliwezi kujibiwa na uzazi. Lazima lijibiwe na seli iliyopo. Michakato yote miwili inafanya kazi, kila mmoja kwa saa yake.

Pingamizi la pili ni kwamba kuwa na jeni si kuitumia. Ni kweli, na ndiyo maana sikuishia kwenye jenomu. Kwa Riftia zilipimwa protini zenyewe. Kwa Nautilia ilipimwa kazi ya jeni. Kwa kome wa jenasi Bathymodiolus, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta jeni ya kutumia haidrojeni ndani ya bakteria wao, kisha ukapima na kuona kwamba tishu za kome zenye bakteria hao ziliitumia haidrojeni kweli. Pingamizi la tatu husema ukali haukwepeki: asiyestahimili moto hafiki mpakani hata kidogo. Nalikubali. Ukali ndio unaoamua nani aingie. Lakini miongoni mwa walioingia, kiasi cha kuyumba ndicho kinachoamua nani awe na njia moja na nani awe na njia nyingi, na Methanopyrus inathibitisha kwamba mtu hawezi kuikisia sifa moja kwa kuitazama nyingine.

La mwisho ni la mkulima wa kahawa wa Ikinga anayeuliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu tumboni kwanza. Sulfurovum na wenzake ni jamaa wa karibu wa Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vya tumbo, na mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba huyu naye hutumia haidrojeni kama chanzo cha nguvu ndani ya tumbo la panya. Uwezo wa kula gesi umeenea katika ukoo wao. Yanatuhusu pia katika umeme. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyoundwa mwaka 2013, imeyaweka Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe miongoni mwa maeneo yake ya kuchunguza. Majimoto ya Songwe yana joto linalozidi nyuzi 80, yamejaa hewa ukaa, na yamejenga miamba ya chokaa. Kisima kikichimbwa na maji kuvutwa, mpangilio wa moto na baridi, wa gesi na oksijeni, utabadilika ndani ya mabomba na nje yake. Kwa hoja niliyoitetea, bakteria watajibu badiliko hilo, na baadhi ya majibu yao, kama kutengeneza salfaidi inayokula chuma, yana gharama kwa mitambo.

Kutokana na hayo, namna ya kupima inapaswa kubadilika. Sampuli moja iliyochukuliwa siku moja hutuambia ni nani wapo. Haituambii wanaweza kuwa nini. Majimoto ya Songwe yapimwe kabla ya kuchimbwa, masika na kiangazi, mtoni na kwenye macho ya chemchemi, na vipimo vya joto, oksijeni na salfaidi viende sambamba na vya jeni na protini. Kazi hiyo haihitaji nyambizi. Inahitaji kipimajoto, chupa safi, daftari linalotunzwa mwaka hadi mwaka, na vijana wa shule zetu za sekondari waliofundishwa kuvitumia, wakishirikiana na vyuo vikuu vyenye maabara. Wakifanya hivyo, hoja yangu itapata mahali pa kujaribiwa hapa nyumbani: chemchemi inayotulia mwaka mzima ikionekana kuwa na bakteria wenye machaguo mengi kuliko ile inayoyumba, basi nitakuwa nimeshindwa, na sayansi itakuwa imesonga mbele.